Risiva Haikatai Mzigo
Hotuba kwa mafundi wa redio, maseremala wa maboksi ya spika na wapenzi wa muziki, Kondele, Kisumu

Bwana mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, mafundi wenzangu, maseremala mnaounda maboksi, na nyinyi vijana mliokuja na spika kwapani mkidhani leo kuna matengenezo ya bure: hamjambo? Kwa wenyeji wa hapa, amosou. Kwa mlioteremka kilima cha Riat asubuhi na mapema mkitokea Kakamega na Bungoma, mulembe.

Mwenyekiti amenipa muda hadi chai iive, na huko jikoni nasikia masufuria yameanza kugongana, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Katika kazi hii swali ninaloletewa kuliko yote si la spika iliyoraruka wala waya uliokatika. Ni hili: "Fundi, risiva yangu imeandikwa omu 6 na spika zangu ni omu 8. Zitaingiana?" Risiva ni ile mashine ya redio na amplifaya kwa pamoja inayoziendesha spika, na omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia mkondo wa stima. Mwingine huja na kinyume chake: spika ni omu 4, risiva ni omu 8. Wote wawili wana wasiwasi ule ule, na wote wanaamini namba hizo ni lazima zifanane, la sivyo kitu kitaungua. Huyo wa kwanza namwambia aende nyumbani akapige muziki. Huyo wa pili namvutia kiti.

Namba ya spika ikiwa kubwa kuliko ile ya risiva, hakuna kinachoungua. Ikiwa ndogo, hatari ipo, nayo haijionyeshi siku ya kwanza. Hayo ndiyo niliyokuja kuwaambia, na mengine yote ni kueleza kwa nini.

Imani ya kufananisha namba haikuzuka bure. Wazee mnakumbuka amplifaya za valvu, zile za kuwasha kisha unangoja zipate moto ndipo ziimbe. Kati ya valvu na spika palikuwa na transfoma, na nyuma ya kasha palikuwa na sehemu za kufungia waya zilizoandikwa 4, 8 na 16. Spika ya omu 8 ilifungwa kwenye 8, basi. Ukikosea, nguvu ilipotea. Ukiwasha na kupandisha sauti bila spika yoyote, ungeweza kuiua transfoma yenyewe. Transista, vile vipande vidogo vilivyochukua kazi ya valvu, zilipoingia, transfoma hiyo ikaondolewa katika mashine karibu zote za nyumbani, lakini maneno ya fundi wa valvu yakabaki midomoni mwa watu. Risiva ya leo, ukipima ukinzani wake wa ndani kwa upande wa spika, mara nyingi haufiki hata omu 0.1. Tukishikilia kwamba vifanane, itabidi tuifungie spika ya omu 0.1, na hiyo si spika tena, ni waya uliogusana.

Basi risiva hufanya nini? Hutoa volti. Ukizungusha kitufe cha sauti, unaagiza volti zaidi au volti kidogo, na risiva inajitahidi kuzitoa hata kama umeifungia nini. Kiasi cha mkondo kitakachopita huamuliwa na spika. Mjerumani Georg Ohm alilichapisha jambo hili mwaka 1827, na halijabadilika tangu hapo: gawanya volti kwa omu, unapata ampea.

Chukulieni sauti imefunguliwa hadi risiva inatoa volti 20. Hiyo ni sauti ya jirani kuja kugonga mlango. Spika ya omu 8 itavuta ampea 2.5, na nguvu yake ni wati 50. Itoe, weka ya omu 4, usiguse kitufe: ampea 5, wati 100. Weka omu 2: ampea 10, wati 200. Volti ni zile zile, wimbo ni ule ule.

Naona kijana hapo mbele anatabasamu. Anajiambia omu 2 ndio mpango mzima, wati mara nne bila kuongeza senti! Kijana, hizo wati 200 zinatoka wapi? Lazima zipite kwenye transfoma ya stima iliyosukwa kwa kazi ndogo, zipite kwenye transista, na kila ampea inayopita huko huacha joto. Mkondo ukiwa maradufu, joto la transista nalo huwa maradufu. Risiva haina mdomo wa kukataa. Ni boda boda iliyopakia watu wanne kupanda Riat: injini haisemi kitu, inapanda tu, na kilele unakiona kabisa kabla haijazimika.

Nimekuja na bodi ya risiva moja iliyokufa. Ipitisheni, kila mtu aishike. Hivyo vipande vinne vyeusi vilivyobanwa kwenye mapezi ya alumini ndizo transista za kutolea sauti, mbili za kushoto na mbili za kulia. Karibu nazo kuna vipande vyeupe vya mstatili, rezista za omu 0.22, ambazo mkondo wote wa spika hupitia. Sasa igeuzeni. Mnaona chini ya zile rezista rangi ya bodi imekuwa kahawia, na risasi ya kuchomelea imepasuka duara kuzunguka miguu yake? Doa hilo limechukua miaka. Mwenyewe alikuwa anasikiliza muziki wake vizuri tu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na bodi inaendelea kuiva. Transista ya upande wa kulia ndiyo iliyopasuka. Nuseni. Harufu hiyo haiishi haraka.

Wenye risiva nzuri mna ulinzi ndani: rilei, yaani swichi inayojikata yenyewe. Mzigo ukizidi mnasikia "tak", muziki unakatika, na kwenye kioo yanatokea maandishi ya PROTECT. Mshukuruni aliyeitia hiyo rilei. Na hapa niseme wazi bila kumtaja mtu, kwa sababu kazi hii nimekutana nayo Nakuru na nimekutana nayo hapa hapa Kisumu: kuna mafundi ambao mteja akilalamika muziki unakatika, wao hufungua kasha na kuiunga rilei kwa kipande cha waya ili isikate tena. Mteja anafurahi wiki mbili. Halafu transista inapasuka, na ikipasuka mara nyingi hushikana, ikaipeleka volti yote ya ndani kwenye spika bila kukoma. Koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, inasukumwa mbele inabaki huko, na koili, yaani waya uliosukwa unaoisukuma koni, inawaka. Risiva imekufa na spika imekufa siku moja. Huo si ufundi. Rilei ikikata, uliza kwanza nyuma kumefungwa nini.

Na nyuma kumefungwa nini? Hapa ndipo penye kesi nyingi kuliko zote.

Mteja mmoja wa Milimani aliniita. Risiva yake ni ya pili kununua; ya kwanza ilimzimikia, akaambiwa dukani kwamba ilikuwa feki. Ya pili nayo imeanza: inapiga dakika ishirini hivi, kisha tak. Asubuhi taarifa ya habari haina shida. Shida ni jioni, rumba na benga, gitaa la besi likishuka. Risiva ina seti mbili za matundu ya spika, A na B. Sebuleni ana spika mbili nzuri za omu 6, zimefungwa kwenye A. Kisha akatoboa ukuta, akapeleka nyaya jikoni kwa mama watoto, na huko akafunga spika za gari za omu 4 kwenye B. Kitufe cha mbele amekiweka A+B, siku nzima.

Katika risiva nyingi, A+B maana yake ni kwamba spika mbili zimewekwa sambamba kwenye upande mmoja. Zikiwa sambamba, kila moja inavuta mkondo wake, na risiva inailipa mikondo yote miwili. Hesabu yake: zidisha namba mbili, kisha ugawanye kwa jumla yake. 6 mara 4 ni 24. 6 jumlisha 4 ni 10. Jibu ni omu 2.4. Wala hakukuwa na feki yoyote. Alikuwa na risiva mbili halali zilizobebeshwa mzigo ambao kibandiko cha nyuma kinaukataza kwa maandishi.

Tusome hicho kibandiko, maana kiko nyuma ya risiva nyingi na watu hukipita. Kinaandika hivi: A au B, omu 4 hadi 16, A+B, omu 8 hadi 16. Watu huniuliza, mbona wakiongeza spika wanadai namba kubwa? Kwa sababu mtengenezaji ameshakufanyia hesabu. Spika mbili za omu 8 zikiwa sambamba ni omu 4, na 4 ndiyo sakafu yake. Ziwe mbili za omu 4, umefika 2, umevunja sakafu. Risiva chache huziunganisha A na B kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, zikiwashwa pamoja, hapo namba hujumlishwa na mzigo hupungua, ila sauti hubadilika na spika moja humtegemea mwenzake. Soma kitabu chake, au tumia mita.

Yule mteja nilimfanyia nini? Spika za jikoni nilizitoa kwenye B nikazipa amplifaya yake ndogo, ya bei ya kawaida kabisa, inayochukua muziki kutoka matundu ya REC OUT, yale ya kutolea muziki wa kurekodi, nyuma ya risiva. Sasa jikoni kuna kitufe chao cha sauti. Anaweza kuzima rumba wakati wa kusonga ugali bila kuomba ruhusa sebuleni.

Nimetaja mita. Niletewe hilo boksi. Kijana, njoo unishikie nyaya, wengine msogee.

Kwanza gusisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe. Inasoma 0.4. Hiyo ni nyaya zake, si spika. Utaipunguza kila mara. Sasa weka kwenye boksi hili lililoandikwa omu 8. Inasoma 6.7. Toa 0.4, imebaki 6.3. Nasikia mnanong'ona. Boksi halijadanganya. Mita inapima waya wa koili ukiwa na stima tulivu ya betri. Muziki ni stima inayokwenda na kurudi, mara hamsini kwa sekunde, mara elfu tano kwa sekunde, na koili iliyo ndani ya sumaku huupinga mwendo huo zaidi ya waya mtupu. Upinzani huo wote kwa pamoja ndio impidansi. Kwa mita ya kawaida, spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, na ya omu 4 husoma 3 na kitu. Hamkuibiwa.

Sasa sukuma koni kwa vidole, taratibu, huku mita ikiwa hapo hapo. Mnaona namba zinaruka? Koili ikitembea ndani ya sumaku inazalisha stima yake yenyewe. Hicho ndicho kinachofanya impidansi isiwe namba moja. Boksi hili hili, kwenye noti fulani ya besi ambako koni inapenda kutikisika yenyewe, linaweza kupanda hadi omu 30 au zaidi. Juu ya hapo linashuka karibu na 6 na kitu, kisha linapanda tena kuelekea sauti nyembamba. Ile 8 iliyoandikwa nyuma ni makubaliano. Kanuni ya kimataifa ya spika inasema spika isishuke chini ya asilimia 80 ya namba yake: ya 8 isipite chini ya 6.4, ya 4 isipite chini ya 3.2. Watengenezaji wengine hawaiheshimu, ndiyo maana boksi mbili zilizoandikwa omu 6 zinaweza kuitesa risiva kwa viwango tofauti kabisa.

Kwa wanaonunua spika za Ex-UK pale sokoni Kibuye Jumapili: nendeni na mita mfukoni. Mita ndogo inatosha. Isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma 2 kwenye spika iliyoandikwa 8, koili imeungua na nyuzi zake zimegusana. Hiyo itaua risiva yako hata kama kwa muuzaji inaimba. Kisha sukuma koni kwa vidole viwili pande zote mbili. Ukisikia inakwaruza, iache mezani. Na kuna moja zaidi, nawaomba mafundi wenzangu wasinikasirikie. Koili zinazosukwa upya hapa mjini husukwa kwa waya uliopo, si kwa waya uliotakiwa. Waya mnene kidogo, mizunguko michache, na spika iliyoingia karakana ikiwa omu 8 inatoka ikiwa 5. Kibandiko cha nyuma bado kinasema 8. Anayesuka koili aipime akimaliza, aandike namba mpya kwa kalamu ya wino. Ni kazi ya nusu dakika.

Tuje kwenye spika za gari, maana naona zile za mviringo mrefu, sita kwa tisa, ziko humu kuliko za nyumbani. Sizidharau. Ni rahisi kupata, zina besi, na seremala wa Kondele anajua kuzikatia mbao. Lakini muulizeni aliyezitengeneza kwa nini ni omu 4. Gari lina betri ya volti 12, na injini ikiwaka hufika 14 na kidogo. Redio ya gari isiyo na amplifaya ya ziada haina volti nyingi za kucheza nazo, kwa hiyo njia pekee ya kupata wati ni kupunguza omu. Hata hivyo haifiki mbali: redio iliyoandikwa usoni wati 50 mara nne hutoa kama 20 za kweli kwa kila spika. Spika ya omu 4 ilizaliwa kwa sababu ya umaskini wa volti. Nyumbani volti si shida, kwa hiyo hakuna sababu ya kuipa risiva mzigo wa gari.

Ukiwa nazo mbili kila upande, zifunge kwa mfuatano: chanya ya risiva iende chanya ya kwanza, hasi ya kwanza iende chanya ya pili, hasi ya pili irudi. 4 na 4, umepata 8. Ziwe za aina moja, tafadhali. Ukichanganya spika mbili tofauti kwa mfuatano, kila noti wanagawana volti kwa namna yake, na moja itabeba kazi ya mwenzake. Kama alama za chanya na hasi zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikiruka mbele, upande wa chanya wa betri ndio chanya ya spika. Usilifanye hilo kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba.

Ukiwa nazo nne kila upande, fanya jozi mbili za mfuatano kisha uziweke sambamba, unarudi kwenye 4. Lakini hilo la spika nane sebuleni ni la mtu mwenye kiwanja, si la Nyalenda tunamopakana ukuta.

Kuna njia ya mkato inayouzwa sana: unganisha rezista ya omu 4 na spika ya omu 4, upate 8. Hesabu ni sahihi na matokeo ni mabaya. Nusu ya nguvu inaishia kuipasha moto rezista, na kwa kuwa spika hupanda na kushuka kwa kila noti huku rezista ikikaa pale pale, besi inavimba na kulegea. Ukitaka hita, nunua hita.

Wati sasa, na hapa nitasema haraka kwa sababu nikianza polepole nitakasirika. Katoni imeandikwa wati 5000 PMPO, yaani eti nguvu ya kilele, namba ya matangazo tu. Geuza mashine, tafuta kibandiko cha stima nyuma: volti 240, hezi 50, wati 60. Mashine inayovuta wati 60 ukutani itatoaje 5000 kwa spika, muziki ukiwa umepigwa mfululizo? Marekani walichoshwa na ujanja wa namna hii hata mwaka 1974 tume yao ya biashara ikatunga kanuni ya jinsi wati za amplifaya zitakavyotangazwa. Sisi kanuni yetu ni kugeuza mashine. Hata risiva za majina makubwa zina mchezo wao wa heshima: wati 100, lakini kwa omu 6, chaneli moja tu ikiwa inafanya kazi, noti moja ya kilohezi 1, na uchafu wa sauti umeruhusiwa asilimia 10. Pima kwa omu 8, chaneli zote, uchafu kidogo, uone zinabaki ngapi. Ndiyo sababu wanaipenda sana omu 6 kwenye tangazo. Ohm mwenyewe ndiye anayewauzia.

Cha kutazama ni desibeli, ile namba inayosema spika inalia kiasi gani ikipewa volti 2.83 ukiwa mita moja. Kwa omu 8, volti hizo ni wati 1. Kwa omu 4 ni wati 2, kwa hiyo spika ya omu 4 inajisifu kwa desibeli 3 ambazo si zake. Desibeli 3 ni tofauti ndogo masikioni, lakini ili uzipate kwa njia ya wati unahitaji amplifaya yenye nguvu maradufu. Spika ya omu 8 yenye desibeli 91, kwenye risiva ya kawaida, itaijaza sebule yoyote ya hapa mjini bila kuihangaisha mashine.

Nyaya: msitumie waya mwembamba kama uzi. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba, ukitembea mita 10 kwenda na 10 kurudi, una karibu omu 0.7, na kwa spika ya omu 4 hiyo ni sehemu kubwa. Wa milimita 2.5, ule ule wa soketi za nyumba, una omu 0.14. Hakikisha ni shaba. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, zikwangue kwa wembe uone. Nyaya za bei ya ng'ombe achaneni nazo.

Swichi ndogo nyuma ya risiva, iliyoandikwa 4 upande mmoja na 8 upande mwingine, au iliyofichwa ndani ya menyu. Haibadilishi risiva ikawa ya omu 4. Mara nyingi inapunguza volti za ndani ili mashine isipate moto wakati wa majaribio ya usalama, na wewe unabaki na nguvu ndogo. Mwenye spika za 8 aiache kwenye 8. Mwenye spika za 4 anayepiga kwa sauti kubwa mchana kutwa, na kitabu chake kimemwelekeza aiweke kwenye 4, afuate kitabu.

Na joto. Transista haijui kama joto limetoka kwenye muziki au limetoka dirishani. Risiva ile ile aliyonayo ndugu yako Nakuru, ambako jioni watu huvaa sweta, hapa Februari saa nane mchana inaanza kazi ikiwa tayari imetokwa jasho. Halafu tunaichomeka ndani ya kabati la ukutani, tunaweka dikoda juu yake, na juu ya dikoda kitambaa cha kushona chenye maua. Mama zangu, vitambaa ni vizuri na sisi sote tumelelewa navyo. Viwekeni kwenye kochi. Juu ya risiva pabaki wazi kiasi cha kiganja, na nyuma ya kabati seremala atoboe tundu.

Mzee pale nyuma ameinua mkono kuhusu vipaza sauti vya kanisani. Ndiyo, mzee wangu, ile mitarumbeta ya juu ya paa mara nyingi ni mfumo mwingine kabisa, wa volti 100, na kila kipaza kina transfoma yake ndogo. Huko hesabu si ya omu, unajumlisha wati za vipaza vyote, zisipite wati za amplifaya. Kosa kubwa ni kuchukua boksi la nyumbani la omu 8 na kulifunga kwenye laini hiyo kwa sababu kwaya imeomba sauti ndani ya vestri. Volti 100 kwa omu 8 ni wati 1,250. Boksi litaimba beti moja.

Chai imefika, nimeiona. Kabla hamjainuka: mita iko mezani na vibandiko viko hapa. Kila boksi litapimwa, namba itaandikwa nyuma pamoja na tarehe ya leo. Wenye spika za gari watangulie, maana ndio wengi. Mafundi wa kusuka koili wakae upande huu tuzungumze bei ya waya. Na yule mwenye risiva ya kutoka Japani iliyoandikwa volti 100 nyuma, nakuomba sana ndugu yangu, usiichomeke kwenye soketi ya ukumbi huu kabla sijafika hapo.